Wasimamizi Wetu Wapya Wamefunzwa Adabu Kupita Kiasi

Kwa Mama Julia,
Msimamizi Mkuu,
Jukwaa la Mtandaoni la Watu wa Newala na Masasi.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA ADABU

Shikamoo Mama. Natumaini mko salama huko Masasi na mikorosho imeanza kutoa maua. Sisi wa Kitangari ni wazima, isipokuwa yule tuliyemzika, ambaye ndiye chanzo cha barua hii.

Mimi ni Hamidu, mwanachama wa jukwaa tangu lilipokuwa la watu wachache wanaoulizana maji yanatoka lini bombani na salfa ya kupulizia mikorosho inapatikana wapi. Kwa heshima zote naomba wasimamizi wa kujitolea uliowateua hivi karibuni waondolewe, au wafunzwe upya, au yote mawili. Sababu ni hizi:

1. Uteuzi. Ulitangaza kwamba wanatakiwa watu wapole, wasiopenda ugomvi. Mama, mtu asiyependa ugomvi ataujuaje akiuona? Na mimi niliomba. Swali lenu lilikuwa: wanachama wawili wakitukanana, utafanya nini? Nikajibu kwamba kwanza nitauliza koo zao, kwa sababu wakiwa watani hapo hakuna ugomvi, wanaongea tu. Mkaniambia nijaribu tena mwakani. Sikukasirika. Siku hiyo nilikosa hamu ya kula kwa sababu nyingine kabisa.

2. Mafunzo. Nasikia yalifanyika ukumbini, na wali ukawepo. Wakafundishwa kufuta matusi, kuonya kwa lugha laini na kumfungia asiyesikia. Nani aliwafundisha nani ni mtani wa nani? Mwalimu Kulwa, aliyepewa zamu ya matangazo ya misiba, ni mtu wa Mwanza. Kwao utani upo, sikatai. Lakini atajuaje kwamba ukoo wa Twahiru wa Lulindi na ukoo wetu wanataniana tangu enzi za mababu, na kwamba msiba wetu bila matusi yao haujakamilika?

3. Sasa msiba wenyewe. Baba yangu mdogo, Mzee Hamudi, alifariki, nikatangaza jukwaani. Pole zikamiminika, nikashukuru. Kisha Twahiru akaandika: "Afadhali amekwenda huyo mlafi! Kaburi lichimbwe pana, tumbo lipate pa kulala. Na lisiwe karibu na shamba la mihogo, atainuka." Nilicheka, Mama. Tangu asubuhi ile sikuwa nimecheka. Nikampelekea shangazi yangu Bimdogo simu naye asome, lakini alipoishika palikuwa pameandikwa tu kwamba ujumbe umefutwa.

4. Madhara. Twahiru alikuja mazikoni akiwa ameharibika kwa adabu. Hakutuzuia njia, hakumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wala hakutaka kulala kaburini badala yake. Aliketi mkekani, mkono shavuni, akasema "poleni" kwa sauti ndogo kama mgeni aliyepotea njia. Kina mama wakalia mfululizo, hapana wa kuwakatiza. Shangazi akaniuliza, "Hamidu mwanangu, hawa tumewakosea nini hata wanatuheshimu?"

Tangu siku hiyo Twahiru hajanitukana hata kidogo, si jukwaani, si kwenye simu. Kumwuliza naona aibu, maana nitaanzaje kumwomba mtu mzima anitukane? Na arobaini ni wiki ijayo. Mama, nimempoteza baba mdogo, nikimpoteza na mtani nitabaki na nani? Inaniuma sana, na nasema wazi kwamba wa kulaumiwa ni mafunzo yenu.

5. Mapendekezo (haya si malalamiko, ila namba ilikuwa wazi). Kila anayetaka usimamizi atukanwe kwanza na watani wake hadharani kutwa nzima, na akinuna arudi nyumbani. Mafunzo yahamishwe kutoka ukumbini yafanyike msibani. Mtani yeyote atakayeandika "poleni sana" apewe onyo, na akirudia afungiwe mpaka atubu kwa tusi zito. Vilevile ateuliwe mkaguzi wa matusi, wa kuyarudisha kwa mwandishi yanapokuwa laini mno. Kwa nafasi hiyo najitolea mwenyewe, ingawa kwa kawaida watu wanaojitolea siwaamini.

Hatua zisipochukuliwa, nitaanzisha jukwaa langu, ambamo adabu yoyote itafutwa papo hapo, isipokuwa shikamoo.

Nisalimie Julia, Baba Julia, jamaa wa Lukuledi wanaonifahamu na wasimamizi wote. Mwambie Kulwa sina ubaya naye. Nataka aondolewe tu.

Wako katika kuyatetea matusi yetu,
Hamidu,
Kitangari.

N.B. Kabla ya kutuma barua hii nimempigia Kulwa ili asije akasema nimemsema kisogoni. Kumbe hakufuta chochote. Aliuona ujumbe, akamwuliza Twahiru pembeni kama ni mtani wa wafiwa, akaambiwa ndiyo, akauacha. Anasema hivyo ndivyo ulivyowafundisha. Basi nikampigia Twahiru. Aliufuta mwenyewe. Alipousoma tena alikumbuka kwamba baba yake alipofariki, Mzee Hamudi ndiye aliyemshika mkono akamfundisha kupulizia mikorosho, mpaka familia yao ikapata kula. Mazikoni kila alipofungua mdomo atanie, kilio kilitangulia, akaona heri anyamaze. Mimi nimeishtaki adabu, na mwenzangu alikuwa na majonzi kuliko mimi mwenye msiba. Tumelia wote wawili kwenye simu. Halafu akapenga kamasi, akaniambia kwamba kwa ubahili nimempita marehemu, kwamba arobaini anakuja na ukoo wake mzima, na kwamba jogoo wangu mwekundu aanze kuaga ndugu zake. Kulwa abaki.