Chembe Iliyoshika Ukuta

Jumatatu, 6 Mei 1985
Habari nzito. Mkuu wa shule, Padri Ntabaza, ametangaza kwamba hadubini yetu ya pekee itapelekwa shule ya Nzahaha Ijumaa. Eti hakuna anayeitumia. Mimi naitumia! Ila mkono haukunyanyuka. Kabla ya hapo nitamwonyesha Padri chembe nyeupe ya damu ikishika ukuta wa mshipa, ndani ya kiumbe hai. Nsimire, wa kwanza darasani, akasema picha ya kitabuni inatosha. Picha! Imekufa.

Jumanne
Nimeleta viluwiluwi watatu kutoka mashamba ya mpunga, Muganza. Mikia yao inapitisha mwanga kama kioo. Chembe nyekundu zilipita mbio. Nyeupe hazikusimama. Zisimame kwa nini? Hakuna jeraha. Hata Maman, akivuka daraja la Rusizi na beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, hasimami mpaka mteja amwite. Hapo hupunguza mwendo, hushika ukingo, hujipenyeza kando. Nahitaji mwito. Pilipili!

Jumatano
Maman amewakuta kwenye sufuria yake. Papa, akaniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi mwanawe, batoto benzako banasoma, weye unapika vyura! Akamwaga uani. Bata walimeza wawili. Nyumba nzima ilicheka. Mimi nilimtafuta wa tatu kwa magoti, nikampata.

Alhamisi
Baada ya masomo, maabara tupu. Nimemlaza wa tatu juu ya pamba iliyolowa, chini ya hadubini, nikamgusa mkiani kwa kidole chenye maji ya pilipili. Nikangoja. Ikaja! Nyeupe, ikibingirika ukutani taratibu. Ikasita. Ikashika. Damu yote iliisukuma, haikung'oka. Kisha ikaanza kupenya nje, kuelekea palipouma. Nililia. Nikafuta machozi kwa kidole kilekile. Nikakimbilia bombani nikipiga mayowe. Kiluwiluwi nilimsahau juu ya pamba.

Ijumaa
Amekauka. Padri alichungulia, akasema haoni kinachosogea. Nsimire akauliza kama mtafiti naye amekauka, maana hasemi. Padri akamnyamazisha. Akanitazama jicho langu jekundu, akasema kwa upole: nieleze kwa mdomo tu ulichokiona jana, na hadubini itabaki.

Nilikiona chote. Ninakiona hata sasa. Nikatazama viatu vyangu.

Gari liliondoka na hadubini saa tisa.

Jumamosi
Mpango mpya, na huu hauna kasoro. Jumatatu nitatembea hadi Nzahaha. Nitasimama nje ya dirisha la maabara yao, kimya, mpaka mtu atoke aniulize ninataka nini.