Keratini ya Mbuzi wa Idi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo riziki imenijia ndani ya magunia. Tangu nistaafu ufundi wa maabara shuleni, mwaka wa tatu huu, watu wa nyumba hii ya mtaa wa Amani wananitazama kama kabati lisilofunguka. Basi watanijua.

Nimekwenda Kiembe Samaki, bandani kwa shemeji Nadir, kaka wa mke wangu, anayetengeneza ngozi za viatu vya makubadhi. Baada ya Idi ngozi za mbuzi zimejaa mpaka mlangoni. Anaziloweka kwenye maji ya chokaa, anazikwangua, manyoya anayatupa. Kuyatupa. Manyoya ni keratini, protini ileile ambayo Maisara mke wangu anaiagiza Dar es Salaam ndani ya vichupa, kwa ajili ya kunyoosha nywele za wateja wa saluni yake.

Nimeomba magunia matatu. Nadir ameuliza ya nini. Nimemwambia ya kujazia mito. Mtu ambaye kila anachogusa kinamwendea vizuri hapewi siri ya biashara. Amenipakilia kwenye gari yake na kunifikisha mpaka nyumbani, bila kuombwa. Tabia yake hiyo inaniudhi.

Jumanne, 10 Juni

Nimeosha manyoya uani. Upepo wa kusi umeanza kuvuma. Manyoya mengi yameruka ukuta, yakatua kwenye kamba ya nguo ya jirani, Bi Mwanakhamis. Kanzu nne za mumewe, mbichi, zote zimeota manyoya. Nimemwamkia shikamoo. Hakuitikia. Ameuliza kama mumewe aende msikitini au zizini.

Mfereji wa maji machafu umeziba.

Maisara amenikumbusha kuwa Jumamosi Bi Khatun anamleta binti yake, bibi harusi, na jamaa zake wote. Kazi kubwa kuliko zote tangu afungue saluni. Saluni ipo chumba cha mbele, dirisha lake la nyuma linatazama uani. Anataka uani pawe safi. Nimemwahidi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetia manyoya kwenye sufuria kubwa, nikaongeza maji na kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Mapovu yalipanda papo hapo. Nilifurahi. Nikadhani manyoya yanayeyuka.

Kilichokuwa kinayeyuka ni sufuria. Miaka ishirini na sita nimewaambia wanafunzi kuwa kostiki na alumini havikai pamoja. Imetoboka matundu mawili. Ni sufuria ya pilau ya marehemu mama mkwe. Nimeificha nyuma ya tangi la maji.

Nimehamia kwenye ndoo mbili za plastiki. Kufika alasiri manyoya yalikuwa yamegeuka uji wa rangi ya chai. Sayansi haikuniangusha. Sufuria ndiyo iliyoniangusha.

Jumamosi, 14 Juni

Siku mbaya.

Protini ikishayeyuka, inataka kitu kichachu ili igande. Nimesubiri wageni waingie saluni, uani pawe na utulivu, nikamimina chupa tatu za siki kwenye ndoo ya kwanza. Vipande vyeupe vikaanza kuganda kama mtindi. Keratini yenyewe, kwa mikono yangu. Machozi yalinitoka, kidogo kwa furaha, zaidi kwa harufu.

Mayai viza. Mayai viza ya mtaa mzima. Na upepo ukaisukuma harufu moja kwa moja dirishani.

Bi Khatun ametoka wa kwanza, taulo kichwani. Bibi harusi nyuma yake, nywele nusu zimekaushwa, nusu zinachuruzika. Nimewafuata njiani kuwaeleza kuwa ni salfa tu, jambo la kawaida.

"Salfa yako kaa nayo mwenyewe," Bi Khatun amenijibu. Wamekwenda kumalizia saluni nyingine.

Nimemkuta Maisara amekaa kwenye kiti cha wateja. Ningependelea anigombeze. Amesema tu, "Baba Tahiya, kazi hii nimeingoja miaka minne."

Nimekwenda kuzika ile ndoo ya kwanza.

Jumatatu, 16 Juni

Maisara anazungumza na paka. Paka anaambiwa chai ipo mezani, mimi naelewa.

Nimefikiri sana. Dawa ya haya yote ni kumpa keratini bora kuliko ya Dar es Salaam. Mkosaji ni siki. Kwa hiyo leo sikutia siki. Nimechukua uji wa ndoo ya pili kama ulivyo, nikauchanganya na mafuta ya nazi na marashi ya mawaridi, nikajipaka ndevu, upande wa kushoto.

Ulianza kuwasha. Halafu moto. Nilipoosha, ndevu zilikwenda na maji. Kidevu kimekuwa chekundu kama pweza wa kuchemsha.

Nadir amefika wakati huohuo, bila shaka. Nimelazimika kumweleza kila kitu. Hakucheka. "Shemeji," akasema, "kitu kilichoyeyusha manyoya ya mbuzi, ndevu zako kingeziacha kwa heshima gani?"

Nimelichukia swali hilo kwa sababu lina jibu. Ameniletea dawa ya kuungua. Halafu amekwenda kwa Bi Khatun na jozi ya makubadhi kuniombea radhi.

Jumatano, 18 Juni

Radhi imekubaliwa. Maisara ndiye atakayempamba binti siku ya walima, karamu ya harusi, Ijumaa. Nadir hakujisifu hata kidogo, jambo lililonikera zaidi.

Maisara amezungumza nami. Kwanza ameikuta sufuria. Amelia kidogo, na mimi nimelia, kwa kweli. Kisha ameniapisha: manyoya ya mbuzi hayaingii tena nyumba hii. Nimeapa kwa moyo safi na kidevu kitupu. Nimejifunza. Mtu mzima huambiwa mara moja.

Alasiri nimetumwa sokoni Darajani kununua sufuria nyingine. Nimepita kwa wauza kuku. Wanachinja, wananyonyoa, manyoya wanayatupa kwenye mapipa. Mapipa manane. Keratini tupu, na haijaguswa na chokaa.

Nimesimama pale nikakipitia kiapo changu neno kwa neno. Mbuzi ametajwa. Kuku hakutajwa.

Magunia mawili yapo chini ya kitanda.