Sebene Moja na Colombe

Alhamisi, 2 Oktoba 1975
Orkesta ya Kinshasa inapiga Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa hapa mtaani, Nyalukemba. Binti yangu Colombe anakwenda na wenzake. Jumanne anapanda ndege kwenda chuo kikuu Lubumbashi. Mtoto huyu nilimfundisha kucheza akiwa amesimama juu ya miguu yangu, santuri ikizunguka. Sasa nina miaka arobaini na minane, na tumbo. Nataka sebene moja tu naye, pale mwimbaji anaponyamaza na magitaa yanachachamaa. Moja. Kisha aende.

Nimemwambia mke wangu, Séraphine. Ameniuliza kama goti langu limepona.

Ijumaa, 3 Oktoba
Shida ni tumbo. Vijana wataniona mzee. Dawa nimeipata: abakosti mpya ya kijivu, koti la kufunga vifungo mpaka shingoni. Inabana tumbo, inanyoosha mgongo. Tangu serikali ipige marufuku tai za Kizungu, hakuna vazi la maana kuliko hilo. Nimebandika na beji ya Chama tawala kifuani, kwa kung'aa tu. Kwenye kioo: miaka thelathini na mitano. Labda na sita.

Jirani yetu Lucien anakwenda pia. Rika langu, kipara kitupu, shati la maua nje ya suruali. Nimemhurumia.

Jumapili, 5 Oktoba
Aibu. Sijui nianzie wapi.

Jana walinzi wa mlango waliona abakosti, wakaona beji, wakasimama wima. Tikiti hawakuniomba. Nikadhani ni ujana wangu umewashangaza. Wakanipeleka mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto kilichowekwa kwa ajili ya wakubwa wa Chama, ambao hawakuja. Mmoja akainama: "Mukubwa, ikala hapa. Tulikuwa tunakungojea." Ningekataaje? Bia ilikuwa imeshafunguliwa.

Rumba ilikuwa tamu, gitaa la kwanza linalia mpaka kifua kinaniuma kwa raha. Mara mkuu wa orkesta akaniona. Akawanong'oneza wenzake. Rumba ikakatwa. Zikaanza nyimbo za kusifu Chama, moja baada ya nyingine, huku akinitazama kama nimeridhika. Nilipoinuka ili nimfuate Colombe, ukumbi mzima ukainuka. Nilipoketi, ukaketi. Colombe alikuwa nyuma, karibu na nguzo, amefunika uso kwa mkono.

Mwishowe niliaga. Nilisema nina kazi za serikali. Nilipofika tu uani, sebene ikalipuka. Nikageuka mbio. Walinzi wakanizuia kwa heshima zote, wakasema gari langu litafika sasa hivi, wakanifunika na mwavuli maana mvua ilikuwa imeanza. Gari lipi? Sina hata baiskeli.

Kupitia dirishani nilimwona Colombe akicheza. Na Lucien! Shati la maua limelowa jasho, kipara kinameta, na binti yangu anacheka kama alivyokuwa akicheka juu ya miguu yangu. Nililia pale pale, chini ya mwavuli wa watu. Mlinzi akaniuliza kama kuna habari mbaya kutoka Kinshasa.

Jumanne, 7 Oktoba
Amekwenda.

Kwenye uwanja wa ndege nilimwomba radhi kwa zile nyimbo. Hakunikasirikia, na hilo liliniumiza zaidi. Alinishika mkono akasema polepole: "Papa, nilikuchungia sebene ya mwisho, nilikuwekea wewe tu. Lakini mule ndani sikuona papa, niliona mukubwa wa Chama. Ungekuja tu na shimizi, shati kama la Lucien, tungecheza." Kisha wakaita abiria.

Nyumba ni kimya, santuri ziko kabatini. Séraphine amesema walau sasa nimeambiwa na mtoto mwenyewe, kwa hiyo nitakuwa nimeelewa.

Nimeelewa kabisa. Kosa lilikuwa cheo. Wanafunzi wa Lubumbashi huwa wanaalika orkesta wakati wa Pasaka, na mkubwa wa Chama hawezi kupendeza mahali pa wasomi kama pale. Kesho asubuhi nakwenda kwa fundi cherehani kumwuliza maprofesa wanavaaje.