Masale ya Kushindia Mtamba

Jumatatu, 10 Machi 1997
Mlima umejifunua asubuhi. Theluji imepungua, lakini bado ilinifanya nisimame nje na mswaki mdomoni, nimeduwaa. Chini yake mfongo wetu, mfereji uliochimbwa na mababu, unatiririka kwa shida. Chemchemi inakauka. Mchungaji ametangaza kuwa kaya itakayokuwa imepanda miti mingi zaidi hadi Jumapili itapewa mtamba wa maziwa. Jirani yangu Ebenezeri amelea miche ya mringaringa mwaka mzima. Mimi sina hata mche. Ila akili ninayo.

Jumatano, 12 Machi
Nimepata! Masale, ile mimea yetu ya majani marefu. Unachomeka kijiti ardhini, kinaota chenyewe. Kihamba changu, shamba la nyumbani, kimejaa migomba, kwa hiyo nimeendeleza mstari hadi katikati ya kahawa ya Ebenezeri, yeye akiwa sokoni. Umenyooka ajabu. Mke wangu Margareta ameuliza kama nimesahau masale hupandwa kwa kazi gani. Nimemjibu mti ni mti.

Alhamisi, 13 Machi
Hupandwa kuweka mpaka. Nimekumbushwa na ukoo mzima wa Ebenezeri, mapanga mkononi. Eti nimejimegea nusu ya kihamba cha baba yao. Nilijitetea kwamba natunza mazingira. Wameng'oa masale yote, hata ya zamani mlangoni kwangu. Mzee Filemon, mwenyekiti wa mfongo, aliitikia shikamoo yangu akitazama pembeni. Hadi niombe radhi, sina zamu ya maji. Migomba imeanza kukunja majani.

Ijumaa, 14 Machi
Radhi kwetu huombwa kwa jani la isale lililofungwa fundo. Ukiletewa, hukatai. Lakini sina isale. Margareta alicheka hadi akakaa chini. Limebaki moja tu walilolisahau, katikati ya kahawa ya Ebenezeri. Nikaenda kumwomba Ebenezeri jani la kumwombea radhi Ebenezeri. Alinitazama sana. Akalikata mwenyewe, akanipa. Nikalifunga fundo, nikampa. Akalipokea.

Jumamosi, 15 Machi
Ebenezeri amenitaka nimsaidie kupanda miche yake kwenye chemchemi. Sikuwahi kufika kule. Mimi hungoja maji yanifikie. Yanatoka chini ya mzizi wa mringaringa mkubwa, kimya, ya baridi, bila mtu kuyasukuma. Nilivua kofia. Niliogopa pia. Kijito chembamba kama kidole, na vijiji vyote vile chini yake. Ebenezeri akaniomba kwa upole nisije nikaleta mikaratusi pale, inakunywa maji kuliko ng'ombe.

Jumapili, 16 Machi
Mtamba amekwenda kwa Ebenezeri. Sina kinyongo. Ibada nzima niliiwaza chemchemi ile. Mahali pa ajabu vile panastahili miti mirefu, inayokua upesi, ionekane hadi barabarani. Nimeshaagiza mikaratusi. Nitayazungushia maji yale yote kabla ya shindano la mwakani. Habari za kunywa maji ni wivu wa Ebenezeri tu.

Margareta ameanza kujaza maji kila pipa na kila sufuria humu ndani. Sijui ana nini.