Hidaya, Redio Nyekundu na Upana wa Punje ya Mchele

Tueni mitwangio, enyi watu wa Matombo! Shusheni mikungu ya ndizi mabegani, enyi wa Kinole na Mgeta, na wewe unayechezea simu hapo nyuma, itie mfukoni kidogo! Inakuja habari ya vita vikuu vya mwaka wa tisini na tano, vilivyopiganwa mchana kweupe, Uluguru nzima ikitazama, ndani ya boksi la plastiki lisilozidi tofali. Damu haikumwagika. Ilimwagika nta ya mshumaa, matone matatu.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa, maduka ya Morogoro mjini yakafurika redio kama kumbikumbi baada ya mvua: zenye taa, zenye mabendi tisa, zenye antena ndefu kuliko mwenye duka. Katika jeshi hilo lote, Hidaya binti Kibwana, Mfungua Migongo ya Redio, Mlamba Betri kwa Ulimi, fundi asiyefundishwa na mtu, alimchagulia Mama Theresia moja nyekundu, akamwapia mbele ya mumewe na kuku wao wote: "Hii, mama, itakuletea Josephina mpaka uvunguni."

Maana Josephina, binti wa Theresia, alikuwa mjini akijifunza kushona, na Jumamosi ile, saa kumi jioni, mara moja tu, kwaya yao ingesikika redioni, yeye akiimba peke yake ubeti wa pili. Mwaka mzima mama na mwana walikuwa hawasemezani, kwa sababu siku ya kuagana Theresia aliropoka, "Wewe huna sauti, una kelele." Neno lile lilimchoma mwenyewe kila siku, na aliyelijua hilo ni Hidaya peke yake. Sasa barua ilikuwa imefika, mistari miwili: "Nitaimba Jumamosi. Kama hukunisikia, usije ukaniambia umenisikia."

Saa tisa na nusu, uani kwa Theresia pamejaa. Redio nyekundu, iliyorushwarushwa na mawe ya barabara ya Matombo njia nzima, ikawekwa juu ya kinu, ikawashwa, ikafungua kinywa, ikasema: SHSHSHSHSHSH!

"Mvua inanyesha Dar," alisema Mzee Andrea, mume wa Theresia.

Betri zikaanikwa juani. Waya ukapandishwa kwenye mfenesi. Shshsh! Kwa mbali mno kama mtu alikuwa anasoma matangazo, ila ungedhani kafukiwa kwenye pumba.

Ndipo alipowasili Mikidadi, Sultani wa Spika Mbili, Mtikisa Harusi, na amplifaya lake na betri ya gari begani. "Shikamoo mama. We dada fundi, kaa kando! Nina wati mia mbili. Redio yako ina njaa ya nguvu tu!"

Akachomeka. Lo! SHSHSHSHSH ile ikatoka kama mto Ruvu umefurika, mbuzi akakata kamba, bibi mmoja akaanua nguo.

"Zima!" Hidaya alipaza sauti, akapanda juu ya ndoo. "Kaka Mikidadi, adui ameshapita lango la kwanza, wewe unampikia pilau! Sikilizeni! Mlangoni mwa redio kuna kijidude kinaitwa mikisa, kazi yake kuchanganya mawimbi. Ana ugonjwa mmoja: ukimtuma kituo kimoja hewani, anakuletea na pacha wake wa upande wa pili. Kwa huyo pacha hakuna kituo, hakuna kwaya, kuna mkwaruzo mtupu. Anaubeba! Anaongeza na wa kwake mwenyewe! Anamtwisha Josephina yote! Ukishafika hapo, ukikuza, unakuza na uchafu."

"Sasa dawa?" Theresia aliuliza, kitenge kimemshuka begani wala hajui.

"Bawabu, mama. Ipo koili, waya uliozungushwa kwenye fimbo nyeusi, mbele ya mikisa. Ikikaa mahali pake, mgeni wetu anapita na pacha anafungiwa nje. Barabara yenu imeisogeza."

Akaufungua mgongo wa redio. Kweli, nta iliyoishika koili ilikuwa imepasuka. Akachukua bisibisi, akaisukuma koili. Sauti ya mtangazaji ikachomoza! Uwanja ukalipuka! Akatoa bisibisi. Shshsh. Akarudia. Ikaja. Akatoa. Ikaenda.

"Huyo fundi au mganga?" Mikidadi alicheka.

Jasho lilimtiririka Hidaya puani. Saa kumi kasoro dakika nne. Halafu akaitazama bisibisi kama nyoka. "Chuma! Chuma chenyewe kinaidanganya koili! Nipeni kitu chembamba, kirefu, kisicho chuma!"

Mzee Andrea akaleta spoku ya baiskeli. Mikidadi akatoa kisu. "Jamani, CHUMA!"

Theresia akaingia ndani, akatoka na ufagio wake mpya, uliotunzwa kwa ajili ya Pasaka, akachomoa chelewa moja. "Shika, mwanangu. Kama ni kuzikwa, nizikwe nimemsikia."

Hidaya akabana pumzi. Akasukuma kwa ncha ya chelewa. Kidogo. Kidogo tena. Koili ikasogea upana wa punje ya mchele, na shshsh ikazama, ikazama, ikanywea kama moto uliomwagiwa maji. Akaondoa chelewa. Sauti haikwenda popote!

"Nta!"

Mshumaa ukainama katika mkono wa Theresia: tone kwenye koili, tone kwenye koili, tone kwenye kidole cha Hidaya, ambaye hakutikisika hata kope.

Kwaya ikaanza. Ubeti wa kwanza. Kisha wengine wote wakanyamaza, sauti moja ikapanda peke yake, nyembamba, safi, na kabla ya mstari wa mwisho, ikakohoa. Kikohozi kidogo hivi, cha kifaranga. Ikaendelea.

Theresia akakaa chini mavumbini. "Ana sauti," alisema. "Andrea, leta karatasi."

"Wati mia mbili," Mikidadi alinong'ona, akivua kofia, "nimepigwa na ufagio."

Barua iliondoka na gari la asubuhi, mstari mmoja tu: "Nimekusikia mwanangu, na kabla ya mstari wa mwisho ulikohoa, kunywa tangawizi." Basi ijulikane kwa vizazi vyote, kutoka Matombo hadi Mzinga, kwamba siku ile Hidaya binti Kibwana alimfungia pacha nje, na kikohozi kikapita kizima kizima.