Sauti Kumi za Were

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa nne, digrii ya Kiingereza. Nimebakisha karatasi moja tu: Matamshi. Niliifeli mwaka jana. Nikiifeli tena, joho la Juni nitaliona kwa wenzangu. Leo Daktari Mbithi ametoa kazi. Kila mtu atafute watu kumi, kuanzia mjini hadi Dagoretti, awarekodi wakisoma maneno ishirini ya Kiingereza. Fish, shoe, sugar na ndugu zao. Kisha aeleze jinsi lugha ya mama inavyojitokeza kwenye ulimi wa kila mmoja. Mwisho ni Jumatatu ijayo. Kamene, anayekaa kiti cha mbele na kuazima watu kalamu ili ashukuriwe, akauliza kama anaruhusiwa kurekodi watu ishirini. Namchukia kwa utulivu.

Nimemweleza Anti Philister. Ni mdogo wake mama, fundi wa nguo, nakaa kwake hapa mtaa wa Satellite, Nairobi. Hajawahi kuielewa hii kozi. Akauliza tena kama kile Kiingereza nilichotoka nacho kwetu Ugenya, Nyanza, kiliisha njiani. Hata hivyo ameshachapisha kadi mia mbili za kualika kanisa lote. Nanakili: "Karibuni serehe ya kuhitimu kwa mtoto wetu Were." Kadi safi.

Jumanne, 4 Machi
Nimempa Kamene kadi, kwa adabu tu. Akaisoma mara mbili, akauliza serehe ni nini. Nikamwambia ni kula na kucheza, kwani kwao hawana? Akacheka mpaka akakaa chini. Kiti cha mbele hakimsaidii, naona.

Jumatano, 5 Machi
Nimeanza na matajiri. Spring Valley, geti la tatu. Soja akauliza nimealikwa na nani. Nikamwambia natafiti Kiingereza. Akasema Kiingereza iko mingi huko ndani lakini haitoki geti. Nikamwomba basi anisomee yeye. Akasema yeye ameandikwa kufungua na kufunga, hakuandikwa kusoma. Nimerudi mjini kwa miguu nikiwa na watu sufuri.

Alhamisi, 6 Machi
Dagoretti, sokoni. Mwihaki, mama wa matumbo, akakubali kusoma nikinunua nusu kilo. Nikanunua. Akasoma maneno matatu, wateja wakajaa, akaniambia nirudi kesho asubuhi kabla hawajafika, atasoma yote na kuniitia majirani zake. Kesho asubuhi! Mtu asome digrii kwa saa za kuuza matumbo? Sirudi. Anti amefurahia nyama.

Jumamosi, 8 Machi
Nimegundua kwamba watu kumi ninao tayari. Wote wako kooni mwangu.

Saa nane mchana nimejifunika blanketi na simu. Namba moja ni Mwihaki mwenyewe kwa maneno matatu, kuanzia la nne Mwihaki ni mimi. Namba mbili ni Bibi Sushila, mjane wa Spring Valley, sauti nyembamba na kikohozi kidogo. Mzee Ebrahim wa duka la vitambaa mjini nimemsemea polepole, anapima kila neno kwa dhiraa. Kaloki wa bucha ananguruma. Ivyne wa benki anapitishia puani. Na wengineo. Nikiri tu, ni kazi ya kipaji. Anti akafungua mlango kuuliza wageni ni wangapi, achemshe chai.

Kuna tatizo moja dogo. Cherehani ya Anti inasikika nyuma ya watu wote kumi. Nimeshaandaa jibu: Nairobi ni jiji la viwanda.

Jumanne, 11 Machi
Daktari Mbithi ametusikilizisha sauti zangu darasani. Nikakaa tayari na jibu la cherehani. Cherehani hakuiuliza. Aliuliza darasa watu hawa kumi wana nini kimoja. Mkono wa Kamene, bila shaka. Akasema wote kumi wanakula fis na kutia suga kwenye chai. Daktari akasema naam. Akasema Mwihaki alianza vizuri pale Dagoretti, lakini alipofika neno la nne alihamia Nyanza. Kisha akanigeukia, sauti ya chini kabisa, akauliza huyu Bibi Sushila boma lao liko upande gani wa Ugenya.

Watu walicheka mpaka darasa la jirani wakachungulia. Nikajitetea kwamba kila mtu amesema vizuri, fish ni fish. Wakacheka upya. Sijui walisikia nini. Niliona aibu, na humu daftarini sina wa kumficha.

Baadaye Daktari akaniita ofisini. Hakukasirika, na hilo ndilo liliniuma. Akasema ulimi wa Ugenya si kosa, hata yeye Ukambani humtoka akipandwa na hasira. Kosa ni kuwanyang'anya watu kumi ndimi zao. Amenipa hadi Jumatatu, watu kumi wa kweli. La sivyo hakuna joho.

Alhamisi, 13 Machi
Kamene amejitolea kunisindikiza Dagoretti Jumamosi. Eti tufike saa kumi na mbili asubuhi, Mwihaki alimwambia bado ananingoja. Nimemwambia nina shughuli. Sitaki huruma ya mtu aliyenicheka. Jioni Anti amenipima suti. Alikuwa na pini mdomoni, anaimba. Nilitaka kumwambia, nikanyoosha mkono wa pili aupime.

Jumapili, 16 Machi
Nimetafakari siku tano na kosa nimeliona. Nilitumia sauti moja kwa watu kumi. Yeyote angeshtukiwa. Safari hii inatakiwa sauti ambayo Daktari hajawahi kuisikia.

Nimempigia binamu yangu Sammy, hajawahi kutoka Ugenya. Huigiza wanasiasa kwenye matanga mpaka wafiwa wanasahau kulia. Nimemtumia orodha ya maneno na majina ya watu kumi wapya. Ujumbe wake umeingia sasa hivi: "Hakuna sida. Kesho asubuhi wote kumi utakuwa nao."

Nimeusoma mara tatu kwa uangalifu. Hana lafudhi hata kidogo.