Pengo la Usalama Limezibwa

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, Mheshimiwa Burugumesta wa Mikelenge pamoja na mama wa nyumba yake, waheshimiwa mliofika, waheshimiwa mliotuma udhuru, waheshimiwa ambao udhuru wao bado uko njiani, baba padri, baba shehe, na ninyi wakaaji wa Kindu mliosimama kwa sababu viti bado viko kwenye mpango: nawasalimu kila mtu kwa cheo chake. (Makofi, safu ya kwanza.)

Mimi, Zéphirin Onema, Mratibu Mkuu wa Proje ya Kulinda Transfo za Koili za Tesla, awamu ya kwanza hadi ya nne, ninayo heshima. Koili ya Tesla, kwa wale ambao hawakusoma kama mimi, ni mashine ya kurusha cheche hewani mfano wa radi, na moyo wake ni transfo, ambayo umeme ukizidi huungua. Katika mji wetu transfo ya namna hiyo ni moja tu: Mwalimu Hadidja aliitoa kwenye taa ya duka la zamani kule bandarini, na Jumatatu wanafunzi wake kumi na wanane wataitumia katika mtihani.

Jana, katika ukaguzi wa kina na mapana, niliona kando ya transfo hiyo vibonge viwili vya shaba vimeachana upana wa kidole. Nikauliza, hii ni nini? Mwalimu akajibu bila haya: ni pengo la usalama. (Minong'ono.) Pengo la usalama! Ndugu zangu, sisi tuliopita katika vita tunajua adui aliingia Kindu kupitia nini! Mimi mwenyewe, risasi zikilia, nililinda mji huu...

(Sauti: "Papa Zéphirin, weye ulikuwa Kampene unauzisha sabuni!" Kicheko kirefu.)

...nililinda kwa mbali, kimkakati. Kwa hiyo niliunda komisio ambayo, baada ya vikao saba na kwa kauli moja, yaani yangu, imeliziba pengo hilo kwa mpira wa tairi, asilimia mia moja.

(Mwalimu Hadidja anasimama: "Papa, uache! Ile nafasi njo inakinga transfo. Courant ya umeme ikizidi inarukia pale. Sasa umeziba, itapita wapi?")

Itafuata ngazi za utawala, Mwalimu, kama sisi wote. Itaandika barua. Fundi wa redio, washa!

(Cheche ya zambarau. Makofi. Mlio kama wa kuni mbichi motoni. Moshi. Mwalimu anagusa transfo, anaondoa mkono haraka. "Imekufa," anasema. "Jumatatu nitawaambia watoto nini?")

Waambie wameona moshi, Mwalimu! Ni miaka mingapi Kindu haijatoa moshi wa viwanda? Transfo oyé! (Oyé, safu ya kwanza, wakikohoa.) Pengo, chini! Usalama, juu!

Namalizia kwa shukrani. Asante kwa Mwalimu Hadidja aliyetuazima mashine, kwa kuwa Proje haikuwahi kuwa na mashine. Asante kwa parokia kwa ukumbi, kwa kuwa Proje haina jengo. Asante kwa fundi wa redio, ambaye ndiye wahandisi wetu ishirini na sita. Na kwa kuwa hii ndiyo ilikuwa transfo pekee, nina furaha kutangaza kwamba kuanzia saa hii, katika Kindu nzima, hakuna tena transfo hata moja iliyo hatarini.